Hatua Mia Mbili na Themanini

Mimi napenda hesabu, na sioni aibu kusema. Nimeishia darasa la saba, nashona nguo hapa Lipangalala, Ifakara, mwaka wa kumi na tisa sasa, na bado nikiona namba imekaa vizuri roho yangu inafurahi kama mtu aliyeletewa kambale wa kukaanga. Watu wanadhani hesabu ni ya walimu na wahasibu. Thubutu! Mwambie mhasibu akukatie sketi ya duara, tuone.

Sketi ya duara ndiyo iliyoniingiza kwenye ugonjwa huu. Fundi aliyenifundisha kazi, mama mmoja mkali asiyependa maswali, aliniambia: pima kiuno, gawa kwa sita, punguza kidogo, hapo ndipo unazungusha chaki. Nikamuuliza kwa nini sita, na hicho kidogo ni kiasi gani. Akanitazama kama nimemtukana mzazi wake. "Wewe kata," akasema. Nikakata. Miaka kumi nilikata, sketi zikakaa viunoni mwa watu bila malalamiko, lakini kile kidogo kilinikera. Kidogo gani hicho? Nani alikipanga?

Siku niliponunua simu ya kugusa na kujiunga bando, wenzangu wa mtaani walikuwa wanatafuta mishono mipya. Mimi pia nilitafuta mishono, sisemi uongo, lakini nilitafuta na kidogo changu. Nikamkuta mwalimu mmoja kijana anafundisha kwa Kiswahili, ubao wake umemeguka kona, anaeleza kwamba duara lolote duniani, liwe la sufuria au la tairi la trekta, ukipima mzunguko wake ukagawa kwa upana wake unapata tatu na kidogo, na kidogo ni kilekile siku zote. Mara mbili yake ni sita na kidogo. Nilipiga meza kofi mpaka mteja akashtuka. Kumbe yule mama mkali alikuwa ananifundisha jambo la dunia nzima na yeye mwenyewe hajui! Nilitamani awe hai nimpigie.

Tangu hapo nikawa mtu wa video za hesabu. Pasi inapata moto, mimi naangalia video. Umeme umekatika, mimi naangalia video. Binti niliyemfundisha kazi alikuwa ananiambia, "Mama, wenzako wanaangalia tamthilia." Namjibu kwamba hata hii ni tamthilia, tena hujui nani atashinda.

Halafu kuna grupu la ukoo. Wetu ni watu arobaini na kitu, wengine Ifakara, wengine Mlimba, kaka yetu yuko Uchindile kwenye mashamba ya miti, na wachache wako mijini wanakojua wenyewe. Asubuhi ni salamu zenye picha za maua, mchana ni taarifa za wagonjwa, jioni ni vichekesho. Mara moja moja mtu anatupia fumbo: "Wenye akili tu!" Hapo ndipo nilipopatia cheo. Liliwahi kuja fumbo la sita gawanya kwa mbili, halafu mbele yake mabano yenye moja jumlisha mbili. Nusu ya ukoo ikasema jibu ni tisa, nusu ikasema ni moja. Siku tatu! Watu walifikia kukumbushana nani alirudia darasa la nne. Mimi nikaandika kwamba swali lenyewe limeandikwa vibaya, aliyeuliza aseme kwanza anagawa kwa kitu gani. Halafu zikaja dole gumba kama mvua, na kaka akaandika, "Profesa kasema."

Basi nikawa Profesa. Kichwa kikavimba, nani angekataa? Mimi si mtu wa kujidharau. Mtu akiniuliza neno la hesabu nilikuwa najibu kabla hajamaliza kuuliza, na kwa kawaida nilikuwa sahihi. Hilo neno "kwa kawaida" ndilo lililonifikisha kwenye habari ninayotaka kusimulia.

Mama yetu ana shamba la mpunga Katindiuka. Ana binti wawili, mimi na mdogo wangu. Kaka alishasema mpunga hautaki, yeye na miti yake wanaelewana. Mdogo wangu anaishi na mama palepale, na kazi yake ni shamba, hana nyingine. Mimi nina cherehani mbili na wateja. Kiangazi kimoja mama akatuita akasema, "Nataka niwagawie nikiwa nawaona kwa macho yangu. Nikifa ndiyo mgawane wenyewe, mtagombana mpaka majirani wakose usingizi."

Shamba lile ukilitazama lina umbo kama buti. Kuna sehemu ndefu nyembamba inayofuata mtaro, na kuna sehemu pana iliyokaa upande wa barabara. Katikati yao pana kijia ambacho miguu ya watu imekitengeneza tangu sisi wadogo. Mama alisema, "Kama pande hizi zinalingana, kijia ndiyo mpaka, kila mtu achukue upande wake. Kama hazilingani, tusogeze kijia." Rahisi hivyo. Mama hakusoma lakini anajua kupanga swali.

Sasa kwetu shamba linapimwa kwa hatua. Hatua sabini upande huu, hatua sabini upande ule, hiyo ekari. Katika ukoo wetu mpimaji siku zote alikuwa mjomba, kaka yake mama. Anavua viatu, anakunja suruali, anatembea kama askari wa gwaride, na mtu anamfuata nyuma anahesabu kwa sauti na kuvunja kijiti kila hatua ya kumi. Hatua ya mjomba ndiyo ilikuwa rula yetu. Hakuna aliyewahi kubisha. Lakini mwaka huo goti lilikuwa limemharibikia.

Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo msinitegemee," akasema. "Hatua zangu zimefupika. Nikipima mimi mtapata ekari nyingi kuliko shamba lenyewe."

Tukacheka. Na mimi nikaona saa yangu imefika.

Simu yangu ina kitu cha kuhesabu hatua. Nilianza kukitumia baada ya daktari kuniambia presha yangu inataka kutembea. Unaiweka mfukoni, unatembea, inahesabu yenyewe. Nikawaambia hakuna haja ya goti la mjomba wala vijiti. Nikaiweka simu mfukoni mwa aproni niliyokuja nayo kutoka kazini, nikaanza kona ya barabara, nikauzunguka ule upande mpana mpaka nikarudi nilipoanzia. Nikaitoa: hatua mia mbili na themanini. Juu ya alama! Sabini mara nne ni mia mbili na themanini, hata mtoto anajua. Na madalali wa mashamba huku kwetu ndivyo wanavyofanya wakiwa na haraka: wanazunguka, wakipata mia mbili na themanini wanakwambia ekari hiyo, tuandikishane.

Nikavuka kijia, nikaanzisha hesabu upya, nikauzunguka ule upande mrefu unaofuata mtaro. Nikatoa simu. Mia mbili na themanini!

Nilipiga kigelegele peke yangu. Ni kama mababu walikuwa wamepima. Mjomba, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, akaniuliza, "Mbona unazunguka tu? Mimi nilikuwa napima upande, halafu upande."

"Mjomba, hiyo ya kwako ya zamani," nikamwambia. "Hii inajumlisha zote kwa mpigo."

"Haya," akasema mjomba. Mtu mpole sana yule.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kijia amefunga mikono. "Dada," akasema, "mimi huu wa mtaroni nauona mwembamba."

"Ni mwembamba lakini mrefu. Kilichopungua huku kimeongezeka kule. Wewe unatumia macho, mimi natumia namba. Namba hazina upendeleo."

Nakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nililisema kwa sauti ili mama asikie. Mama akasema kama ni hivyo yameisha, mkubwa achague. Nikachagua upande wa barabara, maana bodaboda inanishushia mlangoni. Jioni nikatupia kwenye grupu picha ya simu yenye namba mbili zilizolingana, na maneno: "Haki imetendeka kwa hesabu." Dole gumba ishirini na mbili. Nilizihesabu.

Mvua zikaja, tukapandikiza. Miche tuliiotesha kitalu kimoja, cha wote wawili, tukaing'oa tukaifunga mafungu na kugawana sawasawa, lake na langu, lake na langu. Nafasi za kupandia tulipima kwa kamba moja yenye mafundo, kila fundo shina moja, yeye anaitumia siku mbili, mimi vibarua wangu wanaitumia siku mbili. Basi miche yangu ikaisha shamba halijaisha. Kona nzima ya upande wa barabara ilibaki tope tupu. Yake ikabaki. Akanipigia kwanza, sikupokea kwa sababu nilikuwa na wateja, ndipo akaandika kwenye grupu, maana ndiko nilikokuwa naonekana kila saa: "Dada, kwangu yamebaki mafungu mengi na shamba limejaa. Nakuletea. Lakini mbona kwangu imebaki na kwako imepungua, na ekari ni sawa?"

Swali zuri kuliko mafumbo yote yaliyowahi kupita mle. Na mimi Profesa nilifanyaje? Nilijibu kwa ujumbe wa sauti, nikamwambia mbele ya ukoo mzima kwamba atakuwa amepanda mbali mbali kwa uvivu wa kuinama. Akaandika: "Kamba ni ileile, dada." Nikamtumia katuni. Ile ya mbuzi amevaa miwani anacheka mpaka anaanguka. Wengine nao wakaanza kucheka, huyu katuni, yule katuni, mtu akaandika, "Usibishane na Profesa utaumia."

Baada ya muda mfupi yakaja yale maandishi madogo ya katikati ya kioo: mdogo wangu ametoka kwenye kundi.

Asiyeishi na magrupu hawezi kuelewa uzito wa yale maandishi. Mtu akiondoka kwenye sherehe anaweza kusema anaumwa kichwa. Kwenye grupu huna pa kujificha, imeandikwa umetoka, na watu arobaini wanasoma. Nilikasirika. Ndiyo, mimi ndiye nilikasirika! Nikasema moyoni ana hasira za bure, kazoea kudekezwa na mama. Mafungu aliyobakiza aliyaleta kimya, akayaweka pembeni mwa shamba langu, vibarua wangu wakajazia ile kona. Kwa hiyo miche yake ikamalizia shamba langu, na mimi bado sikuona kitu. Nilikuwa na namba.

Miezi ikaenda. Nikienda kumsalimia mama, mdogo wangu ananiandalia chai, ananiita dada, ananiuliza habari za kazi, kisha anakumbuka ana jambo bandani. Mama hana simu kubwa, ana kitochi chake cha kupigia tu, hakujua ya katuni. Lakini ana macho. Siku moja akaniambia, "Niliwagawia ili msigombane. Sasa mmeanza kabla sijafa. Mngenisubiri jamani."

Lilinichoma lile neno. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamlaumu mdogo wangu zaidi.

Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi nilipopata kazi ya mama mmoja aliyekuwa anafungua mgahawa. Alitaka vitambaa viwili vya meza vya kuanzia, bluu, kimoja cha meza ya mraba na kingine cha meza ndefu, vyote viwe na lesi nyeupe pembeni. Nikapima, nikakata. Cha mraba sentimita mia na arobaini kila upande. Kirefu mia mbili kwa themanini. Kisha nikaja kwenye lesi. Ya mraba: mita tano na sentimita sitini. Ya kirefu: nikazungusha futi, nikajumlisha. Mita tano na sentimita sitini.

Nikafurahi, ndiyo kawaida yangu. Zimelingana! Mia tano na sitini kila moja. Halafu nikaganda na futi mkononi. Mia tano na sitini ni mia mbili na themanini mara mbili.

Nilivitandaza vitambaa vile viwili, kirefu juu ya mraba, kona kwa kona. Kirefu kilizidi upande mmoja, mkia wake ukaning'inia nje ya meza. Upande mwingine mraba ulibaki wazi, utepe mpana wa bluu. Nikajiambia, kilichopungua huku kimeongezeka kule, si ndivyo ulivyosema? Haya, kichukue cha kule ujazie huku. Nikaupima ule mkia, nikauchora kwa chaki kwenye ile sehemu iliyo wazi. Ukaingia, ukajaza, ukaishia njiani. Pakabaki nafasi, mraba kabisa, sentimita sitini kwa sitini, haina cha kuijaza.

Lesi sawa. Kitambaa si sawa.

Yule binti niliyemfundisha kazi akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikachukua daftari la hesabu lile lenye vyumba vidogovidogo, nikachora saba kwa saba, nikahesabu vyumba: arobaini na tisa. Nikachora kumi kwa nne: arobaini. Mzunguko wa zote mbili ni ishirini na nane. Nikachora kumi na tatu kwa moja: vyumba kumi na tatu tu, na mzunguko ni uleule! Yaani unaweza kulibana shamba mpaka likawa jembamba kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna hata shina moja la mpunga linaloingia, na mtu akizunguka na simu mfukoni bado atapata mia mbili na themanini na kupiga kigelegele.

Nitasema ukweli. Kwa dakika kama mbili hivi nilifurahi. Uzuri wa jambo lile ulinishika, nikataka kumwonyesha mtu. Ndipo nikakumbuka shamba lile lilikuwa la nani, na nani alilitambua kosa kwa macho, akalitambua tena kwa miche, na mimi nilimjibu nini. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Mdogo wangu alikuwa amelima sehemu pungufu, akanipa miche yake ikamalizie sehemu yangu iliyozidi, na juu ya hapo nikamwita mvivu mbele ya ukoo. Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Mteja aliingia akatoka.

Niliilaumu simu kidogo, lakini haikunisaidia, kwa sababu simu ilifanya kazi yake. Nilizunguka, ikahesabu kuzunguka. Nilijua kumwambia ukoo mzima kwamba swali la mabano limeandikwa vibaya, na langu mwenyewe nililiuliza vibaya kweupe, mjomba ananitazama, nikamwambia yeye ndiye wa zamani.

Kesho yake asubuhi nikafunga kazi, nikaenda Katindiuka. Mdogo wangu alikuwa shambani anaamia ndege. Amefunga makopo kwenye kamba ndefu, akivuta yanapiga kelele upande ule wa mtaroni. Nilimkuta amesimama kwenye kijia. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba, yote ikapotea.

"Mdogo wangu, nilikosea hesabu."

"Ipi?"

"Ya shamba. Langu ni kubwa kuliko lako. Si kidogo."

Akavuta kamba, makopo yakalia, ndege wakaruka. "Hilo nalijua tangu kwenye miche, dada."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanigeukia. Nilidhani atapiga kelele, na ningefurahi, mimi kelele naziweza. Akasema taratibu, "Nilikwambia. Ukanitumia mbuzi anacheka."

Nilimwambia nisamehe, neno ambalo sijawahi kumwambia tangu tukiwa watoto, maana mkubwa kwetu haombi msamaha, anapika kitu kizuri na mambo yanaisha. Alinipa ncha ya kamba. "Shika hapo, ndege wanarudi." Tukaamia ndege mpaka jua likawa kali, kila mtu na upande wake wa kamba.

Siku mbili baadaye tukarudi pale na mama na mjomba. Nilimwambia mdogo wangu apime yeye, kwa miguu yake, upande kisha upande, na mimi nifuate nyuma nivunje vijiti. Alivua viatu. Upande wa barabara ukatoka sabini kwa sabini. Upande wa mtaro mia moja kwa arobaini. Nikapiga kwenye daftari, nikamwonyesha, na nikamwonyesha mjomba. Elfu nne na mia tisa. Elfu nne kamili. Tofauti mia tisa. Kwa hiyo mimi nitoe nusu yake, mia nne na hamsini, na kijia kinapakana na upande wangu kwa urefu wa hatua sabini. Mia nne na hamsini gawa kwa sabini. Nikacheka mwenyewe nilipoliona jibu: sita na kidogo. Kidogo si kilekile cha sketi, lakini kilinifuata mpaka shambani.

Mdogo wangu akapiga hatua sita kuingia upande wangu, akasimama katikati ya mpunga ulioiva. "Inatosha hapa, dada. Sita."

"Sita na kidogo."

"Kidogo nakusamehe."

"Weka nusu," nikamwambia. "Sita na nusu. Na mpunga uliosimama hapo ni wako, uvune wewe." Akasogea nusu hatua.

Mama alikuwa akituangalia kwa mbali, mkono juu ya macho. Akamuuliza mjomba, "Kwa hiyo ile simu ilikuwa inajua kuzunguka tu?" Mjomba akasema, "Ilikuwa inajua tulichojua sisi."

Jioni nilirekodi sauti kwenye grupu. Nilisema nilikosea, nikaeleza kosa, nikatuma picha ya daftari na vyumba vyake, nikasema mdogo wangu aliuona ukweli kwa macho na kwa miche na mimi nikamdhihaki. Nikasema naomba radhi kwake, na kila aliyetuma katuni siku ile ampigie mwenyewe. Nikamaliza kwa kusema nauvua uprofesa. Kaka kutoka Uchindile akaandika, "Profesa kajiuzulu, nchi imetikisika." Wakacheka, na safari hii wacheke tu, kicheko kilikuwa changu. Msimamizi akataka kumrudisha mdogo wangu siku hiyohiyo. Nilimkataza. Nikasema atarudi akitaka.

Hakutaka kwa muda mrefu. Tulivuna, kiangazi kikapita, mvua zikaanza tena, kiti chake kwenye grupu kiko wazi. Sikumwuliza. Hilo pia lilikuwa gumu kwangu, mtu wa kuuliza kila kitu.

Wakati wa kupandikiza ulipofika nilisema mwaka huu silipi vibarua, napanda mwenyewe. Mgongo wa cherehani na mgongo wa mpunga si mmoja, nilikoma. Kitalu kilikuwa kimoja kama kawaida, mafungu tukagawana lake na langu, kamba ya mafundo ileile ikawa inavuka kijia kipya kwenda na kurudi. Siku ya mwisho tulikuwa wote shambani, yeye upande wake na mimi wangu, na najua kabisa sote tulikuwa tunaangalia jambo moja. Nilikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Hesabu ya daftari nilikuwa nimeihakikisha mara kumi. Lakini miche haisomi daftari.

Nilimaliza mstari wangu wa mwisho. Mkononi nikabaki na kiganja kimoja cha miche, basi. Nikanyoosha mgongo, nikatazama ng'ambo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mwisho wa kamba, mikono mitupu, na mbele yake mafundo saba hayana kitu.

Nikavuka kijia, tope mpaka magotini, nikampa kile kiganja.

"Hiyo ndiyo ile nusu hatua," nikamwambia. "Uliikataa."

Aliinama akapachika, fundo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la saba. Miche ikaisha na mafundo yakaisha. Alisimama, akaangalia upande wake, akaangalia upande wangu, akafuta mikono kwenye khanga.

"Piga picha," akasema. "Halafu niongeze kwenye grupu, uitume. Na usiandike kitu."

Nikapiga, nikamwongeza, nikaituma. Sikuandika kitu.